Sahani Moja kwa Baba Mwanza

Jambo sana, ndugu zetu wa depo. Habari za afya, habari za watoto? Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu, ila mioyo iko na huzuni.

Tarehe 30 Septemba 1975 Citoyen Mwanza anapumzika kazi, baada ya miaka thelathini na miwili kwenye gare, stesheni yetu ya Kamina. Alianza kwa kufagia mabehewa, akawa mkubwa wa kuyaunganisha. Behewa alilolifunga yeye halikuachana na mwenzake njiani. Watu njo walimshinda kuunganisha.

Tangu vita vya sécession, saa sita tunakula bukari, ugali wetu, kwenye sahani mbili: huku waliotaka Katanga ijitenge, kule waliokataa. Nyumba ya Mwanza ilichomwa wakati ule. Hakusema kamwe nani aliichoma. Siku watu walipokamatana kwa nyundo ndani ya ateliye, karakana yetu, alisimama katikati, akapigwa na pande zote. Akacheka: "Angalau kwa hilo mulipatana!"

Tokea pale anakula peke yake, kwenye kiti kidogo kati ya sahani zile mbili. "Weye popo!" wanamutania. "Ndege hapana, panya hapana!" Naye, mboga ya sombe mdomoni: "Popo pia Mungu anamulisha."

Likoke, fundi wa kuchomea vyuma aliyetoka mkoa wa Équateur, hakujua mambo haya. Leo alikaa sahani hii, kesho ile, na kila mara watu wakamutazama vibaya. "Ba papa," akauliza, "bukari iko moja, sababu gani sahani mbili?" Mwanza alicheka mpaka machozi. Wengine waliendelea kumega bukari.

Mkewe, mama Léa, alipofariki, pande zote zilikuja matangani. Lakini upande mmoja ulipoingia, mwingine ulitoka. Mwanza alisindikiza hawa mlangoni, akapokea wale, kutwa nzima.

Tulimuuliza anataka zawadi gani: kinga, ile baiskeli, au redio? Alikataa vyote. Anaomba Jumamosi ya kuagana tule naye sote, sahani moja, halafu apande treni ya kurudi kwao Bukama. Minyi ninayeandika, Kalombo, wa sahani ya waliotaka kujitenga, nimekubali. Likoke amekubali. Mpaka leo tuko wawili.

Baba Mwanza, asante kwa kazi na kwa uvumilivu. Mungu akupe uzee mutulivu, na mutu wa kula naye.

Na weye unayesoma, utakuja? Utujibu mbio, tupate kujua kiasi cha unga.