Tulimuuliza Ukoo Wake, Bunduki Hatukuiuliza

Wakulima wenzangu wa Merigi, chamgei. Niruhusuni niegemee meza, maana mguu huu wa kushoto hupenda kuketi wakati mimi napenda kusema. Mwenyekiti wenu ameniomba nisimulie yaliyonipata kabla hamjapiga kura kama mtaajiri ile kampuni ya ulinzi. Askari wao nimemwona langoni nikiingia. Ana bunduki. Nimemwona pia mzee mmoja wenu akiitazama kama mtu anavyotazama ng'ombe wa gredi wa jirani. Jicho hilo nalijua. Lilikuwa langu.

Kwetu, upande wa Konoin, wezi walivunja stoo ya kituo chetu cha majani chai. Wakabeba mbolea, wakabeba na mizani. Ndugu zangu, mwizi anayebeba mizani ana dharau. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti. Nimesoma chuo kikuu na huandika makala, watu huniita Mwalimu, na wakulima waliamini kwamba mtu anayeweza kujaza ukurasa mzima bila kusema kitu ataweza kuongoza mkutano.

Akaja mwenye kampuni moja ya ulinzi, amevaa tai, pamoja na kijana mrefu mwenye bunduki begani.

"Vijana wangu wako na silaha," akasema. "Mwizi akiona hii kitu anaokoka hapo hapo."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, tena nikiwa nimesimama.

Sasa nisikilizeni vizuri. Msidhani hatukumhoji yule kijana. Tulimhoji mpaka chai ikapoa. Ni wa ukoo gani? Baba yake ni mtoto wa nani? Babu yake alihama Sotik kwa sababu gani? Anasali wapi? Mama mmoja akagundua kwamba shangazi ya kijana ameolewa karibu na kwao, na kwamba ni mchapakazi. Mwisho ikaonekana kwamba ukoo wake ndio ukoo wa mama yangu. Ninyi mnajua maana yake. Kijana aliye rika la kifungua mimba wangu akawa mjomba wangu, papo hapo, mbele ya watu. Akaletewa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu. Sasa mjomba nitamwomba karatasi? Ningeanzia wapi?

Muda huo wote bunduki ilikuwa imeegemea ukuta. Hakuna aliyeiuliza ni ya ukoo gani.

Yaliyofuata hunitia aibu hata leo. Tuliipenda. Watu walitoka mbali kuja kupiga picha nayo. Bwana harusi mmoja aliomba aishike kidogo tu, na kamati yangu ikamkubalia. Mimi, mtu wa vitabu, niliishika, nikavuta tumbo ndani, nikapigwa picha na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Mke wangu akajibu chini yake, watu wote wakiona: "Wewe mzee, weka hiyo kitu chini ukuje ukamue ng'ombe."

Ningemsikiliza, leo ningekuwa nimesimama bila meza.

Asubuhi moja ya kupima majani, foleni ilikuwa ndefu. Mjomba aliilaza bunduki juu ya meza ya kupimia nilipoketi, kama unavyolaza mwavuli. Jirani yangu akatua gunia, gunia likavuta mkanda wa bunduki. Nikasikia mlio. Kikombe changu kilianguka, nami kwanza nilikasirika kwa ajili ya chai. Ndipo nikatazama gambuti yangu. Ilikuwa na tundu, na ndani yake mlikuwa na joto na majimaji.

Wanaume walitawanyika kama kuku. Aliyekuja ni mama anayeuza omena, wale dagaa, pale kituoni, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Alivua leso yake, akaufunga mguu kwa nguvu za mtu anayefunga mzigo wa lori.

"Mnaangalia nini kama sinema? Shikeni yeye!" aliwafokea. Kisha akaniinamia. "Na wewe mwenyekiti usilale! Hujafunga mkutano!"

Nikiwa kitandani hospitalini Kericho, mfupa wa muundi umevunjika vipande, mwenye kampuni akaja na kreti ya soda.

"Mwalimu, hii ni shetani tu. Tuyamalize kinyumbani."

"Bunduki ni ya nani?" nikamuuliza. Swali zuri, ila lilichelewa.

"Ya kampuni."

"Kampuni ina ruhusa?"

"Unajua, kusema ukweli, ni ya rafiki yangu. Aliniachia."

"Bunduki huachwa kama mwavuli?"

"Mzee, mbona unaniuliza kama polisi? Wakati mlikuwa mnapiga picha nayo, mliniuliza?"

Nawaambia, nilimchukia mtu yule. Nilimchukia hasa kwa sababu hapo alikuwa na haki. Aliondoka, akaacha soda. Nilimwomba muuguzi azitoe mbele yangu.

Wakaja wazee wa kwetu. Wakaomba, wakakohoa, wakafika kwenye jambo. Mjomba hashtakiwi, walisema. Laana ya mjomba ni nzito, itafika hadi kwa watoto. Wachinje kondoo, tule, yaishe. Niliuliza mambo yanaendeleaje kituoni. Mmoja akanijibu kwa furaha, kana kwamba ananiletea habari njema: "Usijali, kampuni imeshaleta kijana mwingine, na bunduki ingine. Foleni inaendelea."

Niligeuza uso ukutani. Muuguzi alidhani ni dawa.

Niliiona foleni ile kichwani. Mke wangu alikuwa ndani yake siku hiyo, na kikapu chake mgongoni, na meza ilikuwa ile ile. Nikinyamaza, risasi ya pili haitachagua mguu. Nikisema, nimemtupa mtoto wa ukoo wa mama yangu jela. Nililala juu ya mawazo hayo siku kadhaa, na sikuwa shujaa hata kidogo. Kondoo nilianza kumfikiria, na hata namna ya kumpika.

Ndipo mjomba akaja mwenyewe, peke yake, bila sare. Alisimama mlangoni.

"Mpwa," akaniita, mimi mwenye mvi. "Sikufunzwa hiyo kitu. Bosi alisema haina risasi, ni ya kutisha watu tu. Sasa anataka niseme nilitoka nayo kwetu."

"Na wewe utasema nini?"

"Sijui. Nimekuja kuona kama bado uko na mguu."

Nilifunua shuka, akautazama. Akaketi sakafuni akalia, na mimi nikalia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akatuuliza nani amekufa.

"Mjomba," nikamwambia, "twende pamoja. Wewe useme ulipewa bunduki na nani, na mimi niseme ni nani alipiga makofi."

Basi niliingia kituo cha polisi na gongo mkono mmoja, na mkono wa pili nimeuweka begani mwa mtu aliyenipiga risasi. Mkuu wa kituo alitusikiliza wote wawili, akashika kichwa.

"Mwalimu, na masomo yako yote? Askari wa kampuni ni rungu, filimbi na tochi. Bunduki haruhusiwi. Cheti cha silaha ni cha mtu kwa jina lake, hamwazimi mwingine kama panga. Mkitaka ulinzi wa bunduki, mnakuja hapa kuomba polisi. Hata simu hamkupiga?"

Hatukupiga. Siku hiyo hiyo polisi waliiondoa ile bunduki ya pili. Kesi bado iko mahakamani, kwa hiyo jina la mtu silitaji. Nasikia mwenye kampuni amefungua nyingine, na safari hii ameipa jina la Kibiblia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama wa omena, ambaye leso yake haikutakata tena. Namshukuru mke wangu, aliyeosha kidonda hiki bila kuitaja ile picha zaidi ya mara moja kwa siku. Namshukuru mjomba, ambaye atasimama mbele ya hakimu kama shahidi, na hakunilaani.

Kijana wenu pale langoni ni mtoto wa watu. Muulizeni ukoo, mpeni mursik. Kisha iulizeni na bunduki: ni ya nani, cheti kina jina la nani, nani alikubali ije hapa? Na hata akijibu vizuri, pigeni simu kituo cha polisi kabla ya kuinua mikono kupiga kura. Mtasema ni kumvunjia mtu heshima. Heshima huungwa haraka kuliko muundi.

Sasa nitaketi. Lakini namwona yule mzee wangu ameinuka, anaelekea langoni kuuliza. Vizuri, mzee. Nenda polepole. Na ukifika, simama kando yake, usisimame mbele.