Ulimi wa Bahasha Aliouacha Wazi Mzee Thadei

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Mpanda mjini, Mwamkulu, hadi kule milimani Mwese, leo sauti yangu haiko sawa. Mnivumilie. Tumempoteza Mzee Thadei Yohani, mwandika barua. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na moja. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mzee Thadei Yohani, mwandika barua, hatunaye tena.

Nyie vijana wa simu hamtamjua. Miaka mingi alikuwa na meza yake barazani kwa fundi cherehani, hapa hapa mjini. Asiyejua kuandika alisema, yeye akaandika. Bahasha alizikunja mwenyewe kwa karatasi ya kaki, gundi yake uji wa muhogo. Na kwake ilikuwa lazima ujue viungo vya kila kinachofunga kitu. Gunia lina mdomo na masikio. Kibuyu kina shingo na kizibo. Sanduku lina kifuniko, bawaba na komeo. Bahasha je? Ina mgongo, ina tumbo, ina mdomo, na pale pa kukunjia ni ulimi.

"Ulimi wa nani?" angekuuliza.

"Wangu mimi mwenye barua."

"Haya, lamba mwenyewe. Ila chungulia tumbo kwanza!"

Watu walicheka, wakachungulia, wakalamba. Mzee hakuwa na desturi ya kumfungia mtu bahasha. Alifanya hivyo mara moja tu, mwaka tisini na nane, na mara hiyo inanihusu mimi.

Nilikuwa nasoma Tabora. Nyumbani Mwamkulu niliondoka kwa ugomvi. Mama yangu, Minza, alitaka nibaki na ng'ombe. Nikamjibu, ng'ombe zako na zife. Jamani! Kwetu Wasukuma hilo si neno la kumwambia mzazi. Baadaye likaniuma, nikamwandikia: "Mayu, mama yangu, kama umenisamehe, nijibu. Usiponijibu, nitajua."

Mama akaenda kwa Mzee Thadei, akasema, mzee akaandika. Lakini lori la Tabora lilikuwa linapiga honi, utingo anadai barua, mama bado anafungua fundo la khanga atoe pesa. Mzee akaona gari litawaacha. Akalamba yeye, akamkabidhi utingo. Hakuchungulia. Jioni anakusanya vitu vyake, anakuta barua iko chini ya kopo la uji.

Mimi kule Tabora nikafungua bahasha. Tupu. Nikaitikisa, nikaipuliza. Tupu! Nikasema, sawa mama, nimeelewa. Wiki ile ile nikaacha shule, nikaenda Kigoma bila kumuaga mtu. Mzee alipoituma barua yenyewe, ikarudi. Sikuwepo. Naye mzee hakumwambia mama kosa lile, aliona aibu. Mama akangoja jibu langu miaka mitatu, akafa anangoja. Sikumzika. Nasema tena, mama yangu sikumzika.

Jana nilikwenda msibani kama mtangazaji tu. Binti wa marehemu, Helena, akanivuta pembeni, akanisimulia yote hayo ya lori na kopo la uji.

"Kaka Malale, baba alikuwa akisikia sauti yako redioni, analia. Anasema, Jumamosi nitampelekea. Jumamosi ikifika, anasema miguu inauma. Haikuwa miguu, kaka. Alikuwa anakuogopa."

Akanipa bahasha ya kaki. Ulimi haukuwa umegandishwa.

Miaka tisa nimeketi mbele ya maikrofoni hii! Kutoka hapa hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi. Nilikasirika, siwafichi. Nilitoka bila kumjibu binti wa watu, nikasoma nimesimama ukutani kwa jirani. Mwandiko wa mzee, maneno ya mama:

"Malale, nilikusamehe hata barabarani hujafika. Nguo zako ziko kwenye sanduku. Komeo sijatia. Njoo nyumbani."

Basi, hayo tu. Nimelia kama mtoto, wasikilizaji, na hata sasa sijamaliza.

Leo asubuhi, kabla ya mazishi, nilirudi kwa Helena, nikamwomba radhi, nikaomba na kalamu. Nikaandika, nikakunja. Nikachungulia tumbo la bahasha, barua imo. Nikalamba ulimi mwenyewe. Nikamwekea mzee kwenye mfuko wa shati, ndipo wakafunga jeneza.

Helena, na nyie nyote wa nyumba ya Mzee Thadei, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, kama una neno la mtu, inuka umpelekee. Usiseme Jumamosi. Aibu utakayoipata mlangoni kwake ni ya dakika moja.

Mtaniuliza nilimwandikia nini. Kuwa kama mama nisingeweza; yeye alisamehe kabla sijafika barabarani, mimi nimesamehe mtu akiwa jenezani. Niliandika hivi: "Mzee Thadei, barua imenifikia. Nimechelewa, lakini nimekusamehe. Ukimwona mama, mwambie nakuja nyumbani."