Wakili Ardis Kvamme Anaaga, na Safari Hii Anaondoka Kweli

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Wakili Ardis Kvamme anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja katika ofisi yetu ya Ness Falls, Minnesota. Najua mmeshasikia. Ametangaza kustaafu mara tatu, keki zimekatwa mara tatu, na kila Jumatatu iliyofuata tulimkuta mezani kwake. Safari hii kuna sababu ya kuamini.

Alianza kazi mwaka 1984, mwanamke pekee kati ya mawakili wa wilaya. Siku ya kwanza mahakamani jaji alimwonyesha kiti cha karani. “Kaa pale, binti.” Ardis akajibu, “Asante, mheshimiwa, karani akifika nitamwambia,” akaenda kusimama kwenye meza ya mawakili. Kesi ile alishinda. Baadaye aliongoza chama cha mawakili wa jimbo, na mara mbili alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kule Washington. Akirudi, alitusimulia zaidi jinsi kahawa ya huko ilivyo mbaya.

Kahawa nzuri anayo mumewe, Milo. Kila siku ya kesi, miaka yote hii, Milo amemletea chupa ya kahawa ya moto mahakamani, theluji iwe magotini au la, akaketi safu ya nyuma na kumtazama kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana. Nimeolewa wiki sita tu zilizopita, kwa hiyo naona mapenzi kila mahali, mtanisamehe. Lakini yale ni mapenzi!

Sasa, kwa nini hakustaafu? Kwa sababu ya Dale Petrowski, aliyefungwa miaka ishirini kwa kosa la kuchoma kiwanda cha siagi. Ardis alimtetea, akashindwa, kwa kuwa Dale alisema asubuhi ile alikuwa mbali akimsaidia mkulima asiyemjua jina, na mkulima huyo hakupatikana. Alimwahidi Bernice, mama yake Dale, kwamba hatafunga ofisi kabla mwanawe hajarudi nyumbani. Miaka kumi na moja alikata rufaa, akakataliwa, akakata tena.

Hapa kwetu mgeni haondoki mara moja. Anajipiga viganja mapajani, anasema “haya basi,” kisha anazungumza nusu saa akiwa amesimama, nusu saa mlangoni, na robo saa kwenye dirisha la gari, injini ikinguruma. Ardis hutufundisha tusifunge daftari mpaka kioo cha gari kipandishwe, kwa sababu watu wetu husema jambo lenyewe mwishoni.

Majira ya baridi yaliyopita alimtembelea Elmer Rundquist, mkulima anayeishi mwendo wa saa nzima kutoka kiwandani. Nilikuwa naye. Sebuleni tulizungumza habari za samaki na viazi, basi. Mlangoni, habari za theluji. Tulipokuwa tayari garini, mzee akainama dirishani.

“Yule kijana Petrowski, alinisaidia kulikwamua trekta asubuhi ile kiwanda kilipoungua. Kijana mzuri.”

Ardis akazima injini. “Elmer! Miaka kumi na moja, bwana! Mbona hukusema?”

“Hakuna aliyeniuliza, mama. Mpelelezi wa mjini alikuja, akauliza kama nimeona moto, akaondoka. Hata kahawa hakunywa. Nikadhani wanajua wanachofanya.”

“Haya, weka maji jikoni,” Ardis akasema. “Tunarudi ndani.”

Mwezi wa nne jaji alifuta hukumu. Dale alipotoka gerezani, Bernice alimkumbatia mwanawe, kisha akamgeukia Ardis. “Sasa nenda kapumzike, wewe mwanamke mkaidi.” Milo, nyuma yetu, alikuwa analia ndani ya kikombe cha kahawa.

Sherehe ni saa tisa alasiri, ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Bernice analeta bakuli lake la viazi na nyama ya kuoka, Dale atapanga viti, na Elmer ameombwa awahi, kwa sababu naye kuaga kwake ni kurefu.

Wakili Ardis, asante kwa kila mara uliposimama mlangoni ukisikiliza. Maisha yawe matamu kwako na kwa Milo, asubuhi za kahawa bila kesi. Ukifika kwenye gari usipandishe kioo haraka. Sote tutakuwa pale dirishani, na bado tuna maneno.