Kengele ya Mtamba

Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Ndani ya basi la Kinyangiri, mzee Ladha, Mhindi mwenye duka la vitambaa Singida mjini, alimweleza mama aliyekaa naye kisa chake kana kwamba wamejuana tangu utotoni. Theresia, aliyebanana nao kiti kimoja, aliacha kusuka ukili akasikiliza.

"Mwalimu Mughwai wa Ilongero alimposa Leela wangu. Ndugu zangu wakanisusa, lakini nilikubali. Wakaleta ng'ombe. Nikawarudisha wote, nikasema binti yangu siuzi. Tangu hapo kimya. Leo naenda Ilongero kuwauliza kulikoni."

Yule mama alishika kichwa. "Baba, kwetu Wanyaturu ukirudisha ng'ombe umevunja uchumba."

Wateja wote wale dukani, Theresia aliwaza, na hakumuuliza hata mmoja.

"Nilitaka kuwaheshimu! Siku ya kuwarudisha, Leela mwenyewe alimvalisha mtamba mweupe kengele ya shaba ya marehemu mama yake, ile aliyoipiga akisali."

Mama alimgeukia basi likipunguza mwendo. "Kengele hiyo nimeisikia," akasema taratibu. "Juzi ng'ombe hao walipita mlangoni kwangu, wakiswagwa kwenda kutolewa mahari ya binti mwingine."

"Ilongero!" kondakta aliita.

Theresia alivuta magoti ampishe. Mzee hakuinuka.