Maisha ya Bwana Gonga, Mpima Zege

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na tanuri la matofali alipofanya kazi baba yake. Mama yake alisimulia kwamba hata kabla hajasema vizuri, alikuwa akigonga kila tofali kwa kidole na kutega sikio. Lililoiva linalia, bichi linanyamaza. Tabia hiyo ndiyo iliyompa jina la Bwana Gonga, na hakuiacha mpaka mwisho.

Alianza shule mwaka 1961. Alimaliza sekondari mwaka 1972, wa kwanza darasani kwa fizikia, ingawa viatu vyake vya kwanza alivivaa akiwa kidato cha kwanza. Mwaka 1975 alihitimu chuo cha ufundi, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa katika maabara ya ujenzi ya wilaya.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mwalimu wa sekondari. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, kabla hajakaribishwa kiti, aligonga ukuta wa sebuleni.

"Kijana, umekuja kuoa au kununua nyumba?" baba mkwe akauliza.

"Kuoa, mzee. Ila upande huu usiegemee."

Mwezi uliofuata mzee mwenyewe aliamuru ukuta ule ubomolewe, na posa ikapokelewa. Walijaliwa mapacha wa kiume, kisha mabinti wawili.

Kazi yake haikuwa ngumu kuieleza. Zege linapomwagwa, kiasi kidogo hujazwa kwenye kibati cha chuma, ukatoka mchemraba wa sentimita kumi na tano kila upande. Mchemraba unalazwa majini siku ishirini na nane ukomae, kisha unapondwa kwa mashine ijulikane unabeba uzito gani. Mwaka 2009 mkandarasi wa jengo jipya la wazazi, katika hospitali ya wilaya, alileta michemraba yake maabara. Yote ilifaulu. Marehemu akasaini cheti.

Wiki mbili baadaye alipita pale hospitali, akagonga nguzo. Ikanyamaza. Akagonga ya pili, ya tatu. Ndipo akaelewa kwamba michemraba aliyoletewa ilifinyangwa pembeni kwa saruji nzuri, na nguzo zikapewa mchanga.

Isemwe wazi mbele ya kaburi hili: saini ile ilikuwa yake. Aliiweka kwa nia njema, na siku ya tatu baada ya kugonga zile nguzo akaandika barua ya kuitengua. Mhandisi wa wilaya alimwita ofisini.

"Bwana Gonga, saini umeshaweka. Ukisema jengo bovu, wa kwanza kwenda ndani ni wewe."

"Basi nitangulie, bosi, nikakuandalie nafasi."

Wiki hiyohiyo alisimamishwa kazi kwa tuhuma ya kumwomba mkandarasi rushwa. Aliyekuwa ameletewa bahasha na mkandarasi na kuirudisha mbele ya mkewe ndiye aliyeitwa mla rushwa. Mkewe naye aliitwa na mkuu wake wa shule: "Mwalimu, mwambie mzee anyamaze. Barua ya uhamisho wako iko mezani kwangu." Mwalimu alijibu kwamba barua ikae tu, ana vipindi.

Marehemu hakuruhusiwa tena kukanyaga eneo la ujenzi. Lakini alizijua kanuni. Wajumbe wa kamati ya hospitali waliruhusiwa kukagua kazi saa yoyote, na miongoni mwao walikuwemo sheikh wa msikiti mkuu na mchungaji wa kanisa lake mwenyewe. Aliwaita nyumbani, akawafundisha kujaza vibati kwa mchanga mbichi juu ya meza ya kulia chakula. Siku ya kumwaga sakafu ya juu, wazee hao wawili walisimama kando ya mashine ya kuchanganyia, kila mmoja na ndoo yake.

"Leo zege linabatizwa au linasomewa dua?" msimamizi wa mkandarasi akawatania.

"Vyote viwili, ndugu yangu," sheikh akamjibu. "Tumeliona hali yake si nzuri."

Walipata michemraba kumi na miwili. Kila mmoja walichora tarehe na saini zao mbili kwa msumari ukiwa bado mbichi. Sita ikalazwa katika hodhi la zamani la msikiti, lililokuwa halitumiki tena, na sita katika kisima cha ubatizo cha kanisa. Kwa ushauri wa marehemu, walibadilishana funguo: wa hodhi akakaa nao mzee wa kanisa, wa kisima akapewa mama mmoja wa msikitini, muuza vitambaa. Ubatizo ukaahirishwa. Kijana mmoja aliyetakiwa abatizwe kabla ya kuoa alilalamika sana, na mchungaji akamwambia, "Mwanangu, subiri zege likomae, na wewe ukomae."

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, walifika kanisani maofisa watatu na barua ya idara ya afya, kwamba kisima kimwagwe maji kikaguliwe. Marehemu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, jasho likimtiririka. Asingeweza kusogea. Angesogea hatua moja tu, wangesema amechezea ushahidi. Muuza vitambaa akaitwa.

"Mama, wewe Mwislamu, ufunguo wa kanisa ni wa nini?"

"Nimewekewa amana, mwanangu. Aliyeniwekea ni kanisa zima. Waiteni wote, nitafungua."

Maofisa walisimama nusu saa, wakaondoka.

Siku ya ishirini na nane michemraba ilipondwa katika uwanja wa chuo cha ufundi, waumini wa pande zote wakiangalia. Kila mmoja ulitakiwa kubeba tani hamsini na saba. Wa kwanza ulipasuka kwenye ishirini na nne. Ya msikitini na ya kanisani haikupishana hata tani mbili. Ijumaa ile na Jumapili ile matokeo yalisomwa kwa maneno yaleyale, na watu elfu nne wakasaini kwamba hawatazalia humo. Tume ya uchunguzi ilikuja. Jengo lilibomolewa, likajengwa upya. Mhandisi alihamishwa tu. Marehemu alirudishwa kazini baada ya miaka miwili na miezi minne, bila barua ya kumsafisha, akastaafu mwaka 2013.

Mwaka 2023 alianza kuugua mapafu. Alipolazwa Januari mwaka huu, aliomba asukumwe kwa kiti mpaka jengo la wazazi. Akagonga nguzo, akatabasamu. Kisha akamwambia mkewe, "Mama Pacha, utakapoandika habari zangu, saini yangu usiipige lipu."

"Watu watasema, Baba Pacha."

"Waseme. Ila na wao wataangalia wanaposaini."

Alifariki Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba, wawili kati yao wamezaliwa katika jengo hilo la wazazi. Faili lake wilayani bado lina tuhuma ile. Familia imeomba nakala ya wasifu huu isainiwe leo na sheikh na mchungaji, kama walivyosaini michemraba, ipelekwe ikawekwe humo.

Mola ampokee, amlaze palipo imara.