Mota ya Bondeni na Bip za Chonyonyo

Wapendwa waombolezaji, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yangu, Gaudiosus Aristides, nami nitasoma yale tu yaliyothibitika.

Marehemu alizaliwa Igurwa tarehe 9 Juni 1969, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha ufundi umeme Bukoba. Habari kwamba alisuka mota, yaani kuzungushia upya nyaya zake, akiwa darasa la nne nimeiulizia bila kupata shahidi, ila mashahidi wapo tele kwamba tangu 1991, huko Kamuli, ambako leo ni wilaya ya Kyerwa, alifufua mota za mashine za kukoboa kahawa ambazo wengine walikwisha kuzihukumu kuwa chuma chakavu.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Vestina, wakahamia hapa Chonyonyo, wakajaliwa watoto wawili, Kemirembe na Adelard.

Mwaka 2021 aliifungia pampu ya bondeni kifaa chenye laini ya simu, ili mtu akibipu, mota iwake na kupandisha maji hadi tangi la mlimani, na siku ya kwanza, kwa furaha iliyotushinda, kila nyumba ilibipu, bip moja ikiwasha na inayofuata ikizima, hadi mota ikaungua mbele ya umati, jirani yetu Costansia akauliza, "Baba Kemirembe, umetuita tuteke maji au moshi?", naye marehemu akacheka kuliko wote, akaisuka upya, sasa bip iwashe tu, na boya la tangi ndilo lizime maji yakijaa.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025, na hofu yake kitandani ilikuwa moja, kwamba pampu itazikwa naye, ndiyo maana alimfundisha Kemirembe kuisuka mota yake.

Juzi mota iliungua, msiba ukakosa maji, Kemirembe akainuka katikati ya wafiwa kwenda kuisuka, shangazi Auleria akamkemea, "Mfiwa hashiki koleo, rudi ukae!", naye akajibu, "Shangazi, nitakaa watu wakishakunywa."

Asubuhi hii Vestina alibipu, nami, nisiyepokea ushahidi wa kusikia, nilikuwa nimesimama kwenye tangi, nikayaona maji yakipanda, nikayagusa, nikapiga kelele kama mtoto, na ndiyo mliyonawa mlipofika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Chonyonyo, na mafundi wenzake wa Kamuli.

Pumzika kwa amani, Gaudiosus. Tumebipu, na mota imeitika.