Mama Chujio na Kompyuta Zilizojifunza Kunyamaza

Msidanganywe. Kila mtu hapa kituo cha maji ana namna yake ya kuisimulia habari ya Mama Chujio, na wote wanakosea. Mkuu wa kituo anasema wazo la kuzinyamazisha kompyuta lilitoka kwenye kikao chake. Fundi jenereta anasema mama aliota. Vijana wa ofisini ndio wabaya zaidi, eti alilisoma mahali. Wazo lilitoka kwenye mdomo wangu huu huu mnaoulalamikia, na leo nimepewa ukurasa mzima wa kumuaga, kwa hiyo mtanisikiliza.

Tarehe thelathini mwezi huu mhandisi wetu, ndiye huyo Mama Chujio, anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane kazini. Alikuja binti mwembamba, begi mgongoni, viatu vyeupe. Kituo cha pampu na viatu vyeupe! Nikamwambia, mwanangu, hivyo havitafika mchana na rangi hiyo. Hata chai haijachemka, ameshatumbukia mtaroni. Akatoka, akavikung'uta, akauliza lile bomba la chini linaelekea wapi. Nikajua huyu ni wetu.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusikiliza mabomba. Unaweka ncha ya nondo juu ya bomba, ncha ya pili unaibana kwenye mfupa nyuma ya sikio, na maji unayasikia yakipita huko chini. Likivuja, ni kama mtu anavuta hewa kwa meno. Nilikuwa bingwa. Siku nyingine nilisikia hadi majirani wakinisengenya.

Yeye akaleta vidude vya kusikilizia. Vikabandikwa kwenye mabomba mji mzima, vinatuma sauti bila kupumzika, na kompyuta zinaichambua yote, hakuna hata tone linaloachwa. Safi sana. Ila zile kompyuta zilikuwa na ulafi wa umeme ambao sijapata kuuona. Safu nzima ukutani, feni zinavuma, chumba kinafuka joto mpaka tukawa tunaanika soksi humo. Umeme ukikatika, jenereta halikuweza kubeba pampu na kompyuta kwa pamoja. Linakohoa, linazima. Na pampu zikisimama, wa kwanza kukaukiwa ni hospitali ya kilimani, wodi ya wazazi.

Mkuu akamwita. Hakufoka, na hilo ndilo lililouma. "Mama, nikiambiwa nichague kati ya kompyuta zako na maji ya wazazi, unajua nitachagua nini. Jumatatu nazizima."

Kazi ya miaka yake yote pale, inazimwa kwa kidole kimoja. Akaja kunitafuta nyuma ya hospitali, nilikokuwa na nondo yangu, uso umemshuka. Nikaona nimchangamshe. Nikamwanzishia hadithi ya mbuzi wa mama mkwe wangu, aliyeingia chumbani kwa bwana harusi asubuhi ya harusi. Nondo sikioni, mdomo kazini. Nikafika pale mbuzi ameishika suruali ya bwana harusi, anaanza kuitafuna, nikakatika ghafla. Nimesikia kitu. Vijana wa sururu wakachimba, na bomba lina ufa, maji yanatoka.

Wote tunautazama ufa. Yeye ananitazama mimi.

"Mzee Domo," akasema, jina hilo nilibandikwa, sikulichagua, "asubuhi nzima unaongea. Hayo maji ulikuwa unayasikiliza saa ngapi?"

"Ya siku zote siyasikilizi, mwanangu. Yanapita tu. Nashtuka yakibadilika."

"Na yale yaliyokwisha kupita, umeyaweka wapi?"

"Niyaweke wapi, mfukoni? Yamekwenda zake!"

Akaniacha na shimo langu, akakimbia. Mtu mzima, barabarani, anakimbia!

Alichofanya ni hiki. Kila kidude akakifundisha kujua sauti ya kawaida ya bomba lake, kuikumbuka hiyo tu, na kuyaacha mengine yaende zake. Sauti ikibadilika, ndipo kinaigutusha kompyuta. Asubuhi ya kwanza watu wakaanza kuoga, vidude vyote vikapiga kelele kama kuku walioona nyoka. Akakaa chini tena, akavifundisha kwamba alfajiri ina sauti yake na mchana una yake. Miezi baadaye ukatokea ufa uliokua polepole mno, kidude kikauzoea kama unavyozoea mkoromo wa mwenzio. Akakiongezea kumbukumbu kidogo ya wiki iliyopita, kiwe kinalinganisha. Hakuchoka huyu mama.

Lakini nirudi nyuma kidogo: Jumatatu ile mkuu akaingia mkono ukiwa tayari kwa swichi. Akakuta kompyuta zote zimeshazimwa isipokuwa moja, ndogo, pembeni, karibu na birika la chai. Fundi jenereta akakata umeme makusudi. Jenereta likabeba pampu, likabeba kompyuta, wala halikukohoa. Mkuu akabaki na mkono hewani kama anayepungia basi lililokwisha kupita.

Ndio akawa Mama Chujio, anayechuja mengi akabakiza la maana. Soksi zetu hazina pa kukaukia, lakini wodi ya wazazi haijakosa maji kwa ajili ya kompyuta tena. Mjukuu wangu kazaliwa mle, na kuoga kaoga. Vidude vya sasa vinatumia kijipande cha umeme wa jua, na vijana aliowafundisha wanavipunguzia ulaji kila mwaka. Wataenda mbali hawa, ingawa hawajui kusimulia.

Mama, asante. Nenda ukapumzike, afya ikukae, viatu vyeupe uvivae mpaka vichakae.

Haya, na kitu kimoja nilikitia chumvi. Siku ile sikukatika kwa sababu ya bomba. Mwisho wa hadithi ulinipotea. Nikaikaza nondo sikioni nijifanye nina kazi, na ndipo nikausikia ule ufa. Sasa una nafasi, njoo nyumbani nikumalizie habari ya mbuzi. Mwisho wake mpaka leo sijaukumbuka, lakini hadi ubishe hodi nitakuwa nimeshautunga.